Presha katika Daftari la Mazishi

Kwa miaka mingi nimekuwa mwandishi wa daftari la mazishi la msikiti wetu hapa Chang'ombe. Kazi yenyewe si kubwa. Mtu akifariki, ndugu yake huja kwangu na kunitajia jina, umri, nyumba aliyotoka na sababu ya kifo. Naandika, kisha naenda kusaidia kuosha. Namshukuru Mungu kwa kunipa mkono usiotetemeka mpaka umri huu. Lakini lipo neno moja ambalo mkono huo umeliandika mara nyingi mno, na nikiliona sasa nasikia kinyaa, kama mtu aliyemkuta nzi ndani ya chai ambayo ameshainywa nusu.

Neno hilo ni presha.

Jirani yangu alikuwa fundi wa vitanda na makochi. Yeye na mdogo wake walikuja kutoka kusini wakiwa vijana, wakafungua karakana nyuma ya ukuta wa kiwanda, na kwa muda mrefu sauti ya randa yao ndiyo iliyonijulisha kwamba kumekucha. Asubuhi moja fundi mkubwa alijiua. Kabla ya adhuhuri, wazee watatu wa kamati walikuwa wamekaa barazani kwangu. Walisema tumsitiri marehemu. Mmoja alihofia kwamba imamu angekataa kumswalia, na watu wangetawanyika.

Mimi nimesoma. Nilijua tangu chuoni kwamba mtu wa namna hiyo hatoki katika Uislamu kwa kifo chake, kwamba huoshwa na kuswaliwa, hata kama kiongozi mwenyewe ataamua kukaa pembeni ili iwe onyo kwa watu. Ningeweza kuyasema hayo kwa maneno machache. Sikuyasema, kwa sababu kuandika presha kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Tukamswalia, tukamzika kabla ya alasiri, na watu wakala ubwabwa wakisimuliana habari za presha.

Uongo ule haukubaki kaburini. Kwa kuwa kaka amekufa kwa presha, watu wakaamua kwamba ugonjwa uko katika damu yao, na mdogo naye aangaliwe. Kweli fundi mdogo alikuwa hayuko sawa. Alikaa karakanani ameshika msasa bila kusugua chochote. Hakuwa anakula. Basi shemeji yake, yaani mjane wa marehemu, akaambiwa ampikie chakula kisicho na chumvi. Kila wiki jirani mmoja alimpeleka duka la dawa afungwe kile kipimo cha mkononi. Kipimo kilionyesha presha yake ni nzuri. Tukasema alhamdulillah, na yeye akaendelea kukonda.

Mafundi wenzake walimpa jina la Bwana Chumvi. Siku moja mbele yangu mmoja alisema, "Huyo msimpe mchuzi, tutaosha maiti ya pili." Wakacheka. Mimi nilitabasamu. Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kujiona mtu safi.

Wiki chache baadaye alikuja dada mmoja wa afya, ameongozana na mjumbe wa mtaa. Alikuwa anafuatilia vifo vya watu wanaofia majumbani. Alinipa shikamoo, akakaa mkekani, nami nikampa daftari kwa fahari, maana mwandiko wangu ni mzuri. Alilifungua taratibu. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole.

"Mbona presha yenu inawapenda vijana, mzee?"

Nikamjibu habari za chipsi na maisha ya mjini. Halafu, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba tumshukuru Mungu angalau hapa kwetu hatuna yale mambo ya Ulaya, ya watu kujiua wenyewe. Nilikuwa nimelisema hilo hata darsani, Ramadhani mbili mfululizo: kwamba nchi za baridi zinakufa kwa kukosa imani, na sisi tumekingwa.

Hakunibishia kwa ukali. Alisema ni kweli nchi hazilingani. Kuna mahali wazee ndio walio hatarini zaidi, kuna mahali ni vijana, na mahali pengi wanaume hufa hivyo kuliko wanawake. Hata nchi ile ile haibaki vile vile. Miaka ikiwa migumu vifo hivyo huongezeka, watu wakipata nafuu hupungua. "Lakini nchi zinatofautiana pia kwa namna zinavyoandika, mzee. Pale kifo hicho kinapokuwa aibu, au watu wanapoogopa polisi, huandikwa kitu kingine. Halafu inaonekana hawana."

Alinirudishia daftari kwa mikono miwili. Alipokuwa anavaa viatu alisema jambo la mwisho: nyumba iliyopatwa na kifo kama hicho, waliobaki wasiachwe peke yao, na waulizwe waziwazi. Alisema kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Sisi wote tulikuwa tunaamini kunamtia.

Alipoondoka nililifungua daftari mwenyewe. Kulikuwa na mwaka mzima usio na neno lile kwa mtu mwenye nguvu zake. Halafu ukaja mwaka kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, na presha ikaanza: huyu, na yule, na yule wa nyumba ya mlango wa kijani. Ikatulia. Ikarudi nyumba za kando ya barabara zilipovunjwa. Kila mmoja nilimkumbuka, na kila mmoja nilijua alivyokufa. Wakati nasimama darsani kuwasema watu wa nchi za mbali, daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, pembeni ya msahafu. Nikalifunga, nikatoka nje kutema mate.

Sitara ni jambo jema, nami sijaiacha. Ila nilianza kuona kwamba waliofunikwa na neno langu si wafu peke yao. Palikuwa na mtu hai chini yake, anayelishwa chakula kisicho na chumvi.

Nilikwenda karakanani baada ya alasiri. Alikuwa peke yake, amekaa juu ya mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mie leo sijaja na kipimo."

Alicheka kidogo kupitia puani. Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno marefu yenye aya na hadithi, yote yakanipotea. Nikamuuliza tu, "Mwanangu, unafikiria kujiua kama kaka yako?"

Aliuweka chini msasa aliokuwa ameushika.

"Kila siku," akasema. Halafu akaniangalia. "Na mie mngeniandika presha, mzee?"

Nilimwambia ndiyo, tungemwandika presha, na nikamwomba anisamehe. Alilia, nami sikumkataza. Nilimwita shemeji yake, nikamweleza mbele ya fundi mwenyewe, nikilitaja jambo hilo kwa jina lake halisi. Mjane yule hakushtuka.

"Nilijua, baba," alisema. "Hata chumvi nilikuwa namtilia kwa siri. Niliona mnamuua kwa njaa."

Jioni ile hatukumwacha peke yake. Asubuhi tulikwenda naye hospitali, watatu, tukaulizia wanaotibu maradhi ya akili, tukakaa kwenye benchi mpaka alipoitwa. Alipangiwa siku za kurudi, na shemeji yake ndiye anayezihesabu.

Mjane akaniomba niandike ukweli wa mumewe. Nilipoipeleka habari hiyo kwenye kamati, mzee mmoja alisema sasa nawavua nguo maiti baada ya kuwavisha sanda. Mwingine alisema nimezeeka. Nilivumilia, maana hayo yote nilikuwa nayasema mimi mwezi uliopita, na kuyasikia kutoka kinywa cha mtu mwingine kulinichukiza kuliko nilivyotarajia. Imamu, ambaye tulihofia angekataa, aliuliza kwa nini hatukumwambia siku ile. Angemswalia hata hivyo, alisema. Naye alikuwa palepale msikitini siku ya mazishi.

Nilipiga mstari juu ya presha, mstari mmoja, ili neno la zamani lisomeke chini yake. Nikaandika lililo kweli. Za wengine sijazigusa. Naenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Nyumba ya kwanza walinifungia mlango.

Fundi mdogo huja swala ya Ijumaa. Baada ya salamu namsogelea na kumuuliza lile lile, kwa sauti ya chini. Kuna Ijumaa hujibu upesi, na kuna Ijumaa hukaa kwanza. Ijumaa iliyopita alikaa sana, watu wakamaliza kutoka, nikamsubiri.

"Leo ni nzito, mzee," akasema. "Lakini nimekwambia."

Tukaondoka pamoja kwenda kumwambia shemeji yake.