Sala ya Macho Wazi

Mama Christiane akikukuta umeandika kwamba mtoto ana kiburi, utatamani ardhi ikumeze. Anavua miwani kwanza, halafu anakwambia: "Usiniambie mutoto iko na kichwa nguvu. Niambie uliona nini." Mimi Clotilde nimeambiwa hivyo mpaka nayasikia maneno yale nikiwa sokoni.

Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Panda. Siku hizi, katika nyumba moja ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, anatufundisha sisi vijana wa staji, yaani wa kujifunza kazi kwa vitendo, kazi ya uchambuzi wa tabia. Unamtazama mtoto asiyesema, unatafuta kilichotangulia kilio chake na kilichofuata, halafu unamfundisha njia nyingine ya kuomba anachotaka. Yeye mwenyewe aliisoma kwa simu kutoka kwa walimu wa mbali, umeme ukipatikana. Ni mkali, hasira zake ziko karibu, nami nampenda kupita kiasi.

Basi mwenzangu Ghislain alipewa Princesse, msichana mdogo asiyesema neno. Kila asubuhi, somo halijaanza sawasawa, anajitupa chini na kupiga kelele. Mama yake, Mama Adrienne, muuza samaki, alichoka. Ijumaa moja akaja na mfuko wa nguo za mtoto. "Akilia tena lelo, namupeleka kwa dada yangu ku Kambove. Atabakia kule." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuuma.

Ghislain akasema tuombe kwanza. Huyu ni mtu wa kanisa kabisa, na kama sisi sote hapa, hawezi kuanza kazi bila kuomba. Tena sala yake si ya kumaliza leo: inaanza na wagonjwa, inapita kwa wachimbaji, inazunguka nchi nzima ndipo ifike amina. Namtania kila siku, hasikii.

Tulisimama. Ghislain akafumba macho, Mama Adrienne akafumba, mimi nikafumba. Nikamsikia Mama Christiane akisema taratibu, "Endeleeni. Minye lelo sifumbe macho. Mungu ananijua."

Tukiwa bado kwa wachimbaji, kilio kikapasuka. Tukafumbua macho. Ghislain mbio akatoa mpira juu ya kabati, kama kawaida, akampa mtoto, naye akanyamaza. Mama Adrienne akainua mfuko wake.

"Ngoja, mama," alisema Mama Christiane. "Ghislain, mbele ya kulia, mutoto alifanya nini?"

"Alikuwa ametulia tu."

"Uliona?"

Jamani, nani angeona? Siku zote saa ile macho yetu yamefumbwa, na ya mwalimu wetu pia.

"Hata minye sikuona mbele ya lelo. Lelo niliona," alisema Mama Christiane. "Tutaomba tena. Bote macho wazi."

Tulingoja Princesse auache mpira, tukaurudisha juu ya kabati. Ghislain akaanza tena na wagonjwa wake, macho kodo. Princesse akamjia. Akamvuta shati. Akamshika mkono, akauinua kuelekea kabati. Nikajiziba mdomo. Ghislain akaikata sala palepale, akasema "mpira," akampa. Princesse akaketi, akaubingirisha sakafuni. Hakulia.

Furaha ilinipanda, nikataka kucheza pale pale. Mama Christiane akanipiga kiwiko nitulie, na yeye mwenyewe anacheka huku machozi yanamtoka. "Umeona? Kila siku alikuwa naomba, hakuna muntu alimujibu. Akilia, bote banafungula macho. Weye ungefanya nini?"

Mama Adrienne hakucheka. "Ku nyumba," alisema, "mangaribi tukiomba, kuna mukono unanivutaka kitenge. Minye ninausukumaka. Nilizania ni shetani anakatala sala." Akaangalia chini. "Kumbe alikuwa naniita."

Mama Christiane akamsogezea kiti, lakini Mama Adrienne akakiacha, akakaa sakafuni karibu na mtoto wake, mfuko wa nguo ukiwa bado begani. Baada ya muda Princesse akaja, mpira kwapani, akamvuta kitenge.

"Niko hapa, mama," alisema Mama Adrienne. "Niko nakutazama." Kisha akautua ule mfuko, apate mikono miwili ya kudakia mpira.