Kazi Nyinginezo

Vyeo vya wakati ule vilikuwa virefu kuliko kazi zenyewe. Nilirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na cheti cha kutoboa kadi, na kila nilipoieleza kazi hiyo kwetu Muleba, watu walinitazama kwa huruma kana kwamba nimesomea kuhesabu nzi. Kumbe ni kazi ya maana. Unakaa mbele ya mashine yenye vibonye, unasoma fomu, unabonyeza, na mashine inatoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kadi hizo husomwa na mashine nyingine kubwa zaidi, nayo hujumlisha watu, nyumba na majembe ya nchi nzima. Darasani kwetu hakuna aliyenishinda kwa kasi, mwanamume wala mwanamke.

Tata, baba yangu, alinipa muda hadi mavuno ya kahawa. Nikikosa kazi, niende kufundisha darasa la kwanza, nafasi ambayo paroko alikwisha kuniombea. Sikuwa na ugomvi na watoto wa darasa la kwanza. Nilijua tu kwamba nikienda huko, vidole vyangu vitasahau.

Basi nikahamia mjini kwa shangazi, mtaa wa Bilele, na kila asubuhi nikawa nasoma matangazo ya kazi kwenye ubao wa ofisi za mkoa. Mungu wangu! "Mratibu Msaidizi wa Taarifa na Mitambo." "Ofisa Mwandamizi wa Uratibu wa Utekelezaji." Hapakuwa na hata tangazo moja lililosema mtu huyo anafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Babu yangu alikuwa mtunza ngoma katika jumba la Mukama, mfalme wetu wa zamani, na hata mtoto mdogo alijua kwamba babu anatunza ngoma. Uhuru ulipokuja watawala wale wakaondolewa, na mimi sina kinyongo, lakini wangetuachia angalau vyeo vinavyoeleweka.

Niliomba ile ya taarifa na mitambo, kwa sababu ya neno mitambo. Kwenye usaili walikaa wanaume watatu. Mwenyekiti aliniuliza maana ya kujitegemea, nikajibu vizuri. Kisha nikauliza mimi.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu mratibu anaratibu nini?"

"Taarifa."

"Taarifa zipi?"

"Zitakazoletwa."

"Na mitambo?"

Mmoja akasema mitambo ni suala pana. Nilitoka nje nikiwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

Uani nilimkuta mama mfagizi, mtu mzima wa Kaagya, anamwaga takataka shimoni. Nilimwamkia kwa Kihaya, tukazungumza, na nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza. Kadi ikitobolewa hudondosha vipande vidogo sana vya karatasi, na havikosi kutapakaa sakafuni. Je, kuna chumba anachofagia vipande kama hivyo?

"Ee, mwana wange!" alisema, akaweka ufagio chini. "Vile vidogo kama mtama wa kutilia pombe ya lubisi? Vinanimaliza mgongo. Vinaingia hadi kwenye nyufa."

"Kwa mratibu?"

"Kwa mratibu aliyeondoka nilikuwa nafagia maganda ya ndizi. Vile viko stoo."

Nikarudi ubaoni. Chini kabisa, kwenye karatasi iliyokwisha kujikunja kwa jua, palikuwa na tangazo la karani wa stoo, daraja la tatu. Niliomba hiyo. Wale wanaume watatu walicheka waliponiona tena, mwenyekiti akaniuliza kama nimeogopa ukubwa. Nikamwambia ndiyo, nimeuogopa. Nikapewa kazi, na nyuma ya marobota ya magunia nikaikuta mashine yangu, aliyoiacha karani aliyenitangulia, ina vumbi la magunia lakini nzima. Mratibu walimpata kijana mmoja aliyevaa tai. Mashine ile hakuigusa mpaka anahamishwa.

Tata alipokea habari vibaya. Karani wa stoo! Baada ya misa watu walipomuuliza binti yuko wapi, alijibu, "Yuko mkoani." Wakiuliza anafanya nini, alijibu tena, "Yuko mkoani." Niliposimuliwa nilikasirika, maana sasa hata baba yangu alikuwa ameanza kuongea kama ubao wa matangazo.

Siku moja alikuja mjini na mkungu wa ndizi. Nilikuwa na rundo la fomu, sikumwona alipoingia. Nilipogeuka nilimkuta mlangoni, anaitazama mikono yangu. Alisema tu, "Vidole vyako vinakwenda," akaweka mkungu chini na kwenda kuwahi basi.

Mwaka uliofuata zililetwa fomu za kaya za vijiji, na ya kwetu ikanifikia mezani. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyepaswa kuijaza, lakini Tata hakumwachia mtu kalamu. Niliujua mwandiko wake mkubwa, aliojifunza darasa la katekisimu. Kwenye nafasi ya kazi za watoto, mbele ya jina langu, hakuandika mkoani wala karani. Aliandika: Anatoboa kadi.

Nililia kidogo, sifichi. Kisha nikafungua kitabu cha namba za kazi, maana kila kazi ilikuwa na namba yake na amri ilikuwa kufuata kilichoandikwa kwenye fomu. Mkulima alikuwamo. Mvuvi alikuwamo. Maofisa walijaza kurasa mbili. Mtoboa kadi hakuwamo. Nikampelekea mratibu, kwa kuwa maswali yote yalipitia kwake. Alikifungua kitabu, akakifunga, akanyoosha tai.

"Tia kwenye kazi nyinginezo."

Nilirudi stoo, nikaweka kadi ya baba yangu kwenye mashine, nikabonyeza namba ya kazi nyinginezo.