Sufuria Mbili za Githeri

Sikiliza, wewe uliye mbali na shamba langu, nikueleze jinsi nilivyokaribia kuvunja ngwatio yetu kwa kupika.

Ngwatio ni kusaidiana kwa zamu: leo tunachimba waru, yaani viazi, kwangu, wiki ijayo kwako. Huku Dundori tuko wanawake tisa, wengi wetu watoto wamehamia mjini Nakuru. Hakuna anayeweza kuvuna peke yake kabla waru hazijaozea udongoni. Kwa hivyo zamu yangu ilipokaribia, niliingiwa na hofu. Kikundi kilikuwa kinapasuka.

Jumapili iliyotangulia, nje ya kanisa, wawili wetu waligombana kuhusu utoaji mimba. Mmoja ni nesi mstaafu, tunamwita Daktari. Mwingine ni mzee wa kanisa; ni mwanamke, lakini cheo ni hicho, basi tunamwita Mzee. Daktari alitaka sheria ilegezwe, wasichana watibiwe kwa usalama. Mzee akamwambia mikono yake ina damu. Daktari akajibu kwamba Mzee huwapenda watoto mpaka wazaliwe, basi. Kufikia Jumatano, siku ya zamu yangu, kila mmoja alikuwa na watu wake.

Walikuja wote, lakini wakaanza kuchimba kutoka ncha mbili za shamba. Hakuna aliyemtania mwenzake. Mawingu yalikuwa yanajaa upande wa Nyandarua, nami nikawa nasikiliza majembe tu.

Nilidhani nimewaza vizuri. Nilikuwa nimepika githeri, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, katika sufuria mbili, moja nikaiweka juu karibu na ua, nyingine chini kando ya stoo, ili asiwepo wa kulazimika kumtazama mwenzake. Woga ulinisahaulisha jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua: watu wa ngwatio hula sufuria moja. Ukiwapakulia mbali mbali, umetangaza kwamba wameachana.

Mkubwa wetu kwa umri aliziangalia zote mbili, akaweka sahani chini.

"Mwalimu, ni wewe unatutenganisha?"

Wanawake wawili walikuwa tayari wanapangusa majembe kwa nyasi, kama watu wanaoenda nyumbani. Nilibeba sufuria ya chini mbio mbio, nikaimwaga ndani ya ile ya juu, githeri nyingine ikanimwagikia viatuni. Nikawaomba msamaha. Halafu nikaomba tufanye kitu nilichowafundisha watoto miaka mingi: kabla ya kumjibu mtu, sema alichosema, mpaka yeye mwenyewe akubali umemsikia.

"Mimi nina wajukuu," Mzee akasema. "Usinirudishe darasa la tatu."

"Hata huko darasa la tatu ulikuwa unaongea sana," mkubwa wetu akamwambia, na wachache wakacheka.

Daktari akaanza. Alieleza juu ya msichana aliyeletwa zahanati kwa mkokoteni, baada ya kunywa dawa aliyouziwa kichochoroni, akafa yeye akiwa amemshika mkono, gari la kumpeleka Nakuru likisubiriwa.

"Unasema wasichana wafanye wanavyotaka," Mzee akasema.

"Sikusema hivyo. Jaribu tena."

Mzee akashika mpini wa jembe lake. Nilikuwa na hakika moyoni kwamba anaondoka.

"Unasema alikufa ukiwa umemshika mkono, na hutaki kumshika mwingine."

"Hapo sawa."

Kisha Mzee naye akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Alipata mimba akiwa shuleni, na shangazi yake akamletea dawa ya kuitoa. Aliimwaga nyuma ya boma la ng'ombe. Mtoto huyo ndiye kifungua mimba wake, anayempigia simu kila asubuhi.

Daktari hakuhitaji kujaribu mara mbili. "Mimi nikiongea, wewe unasikia nikisema kijana wako hangezaliwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Hawakukubaliana, na sitakudanganya kwamba walikaribia. Tulikula, tukachimba mpaka mvua ikatufukuza, mistari mitatu ikabaki. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Daktari, na mimi nilikuwa bado na hofu mpaka nilipomsikia akiuliza langoni, "Jumatano utakuja, Mzee?"

"Nitakuja. Lakini msimamo wangu sijabadilisha."

"Sijakuuliza msimamo. Lete jembe."

Bado mimi huingiwa na wasiwasi kila wawili hao wakikaa pamoja. Hata hivyo, njia hii ni rahisi, na wewe pia unaiweza. Ukikutana na mtu mnayepingana naye, usimjibu kwanza. Mwambie ulichosikia, kisha nyamaza mpaka akubali kwamba ndicho alichosema.