Wiski Iliyokwenda Kuposa

Darasani sikukaa sana, lakini chuma kinanijua. Karakana yangu pale mtaa wa Gerezani niliijenga kwa mikono hii, sikubebwa na mtu. Ndiyo maana fundi wa meli moja, Mskochi, aliniletea pampu iliyowashinda wenzake. Nilipoitengeneza, juu ya malipo akanipa chupa ya wiski. Kiswahili hajui. Akaonyesha tanuri langu, akabana pua, akatikisa kichwa. Sikumwelewa, nikaitia chupa kabatini.

Wakati huo nilikuwa naposa. Baba wa binti alishuka kutoka Kilimanjaro, akafikia kwa mdogo wake Kariakoo, akaniita nikapewe jibu. Kwetu huendi kwa mkwe bila mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege haipikwi bila kimea cha ulezi. Miaka ile hata sukari tuliipangia foleni, ulezi ndio kabisa, soko zima hakuna. Nikaifunga ile wiski kwenye gazeti, nikaenda nayo.

Mshenga wangu alikuwa jirani, fundi cherehani wa Lindi, Mwislamu asiyegusa pombe. Njiani akaniambia, "Leo nitakusemea yote, ila hicho kilichomo kwenye gazeti usiniulize."

"Shikamoo, baba," nikamwamkia mzee tulipofika.

"Marahaba. Mbege iko wapi?"

Nikafungua gazeti. Mzee akaikodolea chupa kama ameona nyoka. Lakini desturi ni desturi: mleta pombe huonja kwanza mbele ya wakwe. Akanimiminia kwenye kata ya mbege, tena si haba. Nami, mjinga, nikapiga funda kubwa kama la mbege.

Loo! Kifua kikawaka, machozi yakanitoka, sauti ikakatika. Ila kutema mbele ya mkwe ni kuikataa nyumba yake. Nikafumba macho, nikameza.

"Gongo!" mzee akanguruma. "Umenitilia gongo kwenye chupa ya Mzungu! Binti yangu haolewi na mpika gongo!"

Nikamgeukia mshenga. "Sema basi!"

"Niseme nini, ndugu yangu? Nikiapa hii si gongo, si wataniuliza nimejuaje?"

Mdogo wa mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Alijimwagia kidogo kiganjani, akasugua, akanusa. Akanusa tena. Kisha akadondoshea maji kidogo kwenye kata, akalowesha ulimi.

"Gongo hunuka moshi," akasema polepole. "Hii haina. Ina asali. Ina ndizi iliyoanza kuiva." Akaonja tena, macho yakamtoka. "Na hiki ni kimea! Nafaka hii imeoteshwa, ikakaushwa mbali na moshi. Wazungu nao wanajua kimea?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Mskochi na pua yake: alikuwa akisema wiski yake haina moshi. Nikaiomba kata, safari hii nikanywa kwa adabu. Kweli bwana! Utamu ulitangulia, pilipili manga ikafuata nyuma ya ulimi, halafu joto likashuka kifuani bila kunikaba. Sijawahi kunywa kitu kisafi namna ile.

"Umeungua na hukutema," mzee akasema. "Binti nimekupa. Lakini hii ni ya kuonja tu. Mbege ya posa bado."

"Na ulezi nitautoa wapi, baba?"

"Kwani anayeoa ni mimi?"

Akaifunga chupa, akaisukumia chini ya kiti chake. Mshenga akanivuta shati tuondoke kabla mzee hajabadili neno.