Nafasi Tulizoziacha Wazi

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Mbumbuni huniuliza swali lilelile: kozi ya biashara ni ngumu kuingia chuo gani? Wanauliza kwa hamu, kama watu wanaoulizia bei ya ng'ombe ambaye hawawezi kumnunua. Mimi ndiye mwalimu wao wa somo la biashara, kwa hiyo huwajibu. Lakini swali lenyewe silipendi kabisa.

Dada yangu, kitinda mimba wetu, alifaulu kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu Migwani. Mimi nilikuwa nimemaliza digrii ya biashara miaka michache kabla ya hapo, katika chuo kipya ambacho mabweni yake yalikuwa bado yananuka rangi. Yeye alitaka kozi hiyohiyo, ila katika chuo kikubwa cha jijini, kile ambacho wazazi hulitaja jina lake polepole ili jirani asikie vizuri.

Mchana mmoja tulikaa jikoni na daftari, tukalinganisha. Chuo kikubwa juu kabisa. Chini yake shule ya biashara ya kibinafsi, yenye mtihani wake na mahojiano yake, ambayo tuliiandika kwa kujifurahisha tu. Kisha vyuo vingine, na changu mwisho. Tuliona kwamba biashara ya chuo kikubwa ilidai pointi nyingi kuliko hata uhandisi wa vyuo vingine. Nilimwambia asitishwe na hilo, kwa sababu vitabu ni vilevile. Uhasibu niliousoma mimi ndio wanaousoma wao, tofauti ni kwamba sisi nakala moja tuliigombania darasa zima. Kinachozidi kule ni msongamano mlangoni, na watu wakishaona msongamano wanadhani ndani kuna kitu.

Nilimweleza jambo jingine, na hili ndilo muhimu. Zile pointi hakuna mtu aliyekaa mezani akazipanga. Ni pointi za yule wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Wakijitokeza wengi wenye alama nzuri, mwaka huu zinapanda. Yeye alizipita za mwaka uliopita kwa kiasi kidogo mno. Alielewa upesi, ana akili kunishinda. Tukakubaliana tutajaza nafasi zote: chuo kikubwa kiwe cha kwanza, vingine vifuate, na changu kiwe akiba.

Jumapili iliyofuata ikaharibu kila kitu. Kanisani kwetu watoto waliofaulu huitwa mbele kutoa shukrani. Baba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo alipewa kipaza sauti, akataja chuo kikubwa na kozi yenyewe kana kwamba barua imeshafika. Mchungaji akamwekea dada mikono, watu wakasema amina, kina mama wakaimba. Kwetu jambo likishatamkwa hivyo halirudi nyuma. Kulirudisha ni kukiri mbele ya kanisa zima kwamba ulikuwa na shaka.

Jumatatu tulienda saiba pale sokoni kujaza fomu kwenye kompyuta. Baba akaja nasi, amevaa koti lake la Jumapili. Aliliona daftari letu, akalichukua.

"Hizi zingine ni za nini?" akauliza.

Nikamwambia ni za kujikinga.

"Kujikinga na nani? Tumeomba kitu moja. Ukiandika ya pili unaambia Mungu hauna imani." Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na hii ndio kabisa. Hii ni university ya watu walikosa."

Alisahau kwamba nilikuwa nimekaa hapo, au hakusahau. Huyu ndiye aliyechinja mbuzi siku nilipohitimu. Niliumia mpaka masikio yakawa moto, wala sioni haya kulisema.

Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea. Dada akaniinamia.

"Tuandike tu hiyo yako," akasema kwa sauti ya chini. "Baba hawezi jua."

Ni kweli, asingejua. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikamwambia si amesikia alivyosema baba, nikabonyeza kutuma. Nafasi zote za chini zilibaki wazi.

Mwaka ule pointi za chuo kikubwa zilipanda kidogo. Kidogo hicho kilitosha kumfungia nje, na kwa kuwa hakuwa ameandika kwingine, hakupata popote. Awamu ya pili ilipofunguliwa, biashara katika chuo changu ilikuwa imejaa watu, wengi wao wenye pointi chini ya zake. Baba akasema hili ni jaribu, tungoje. Alisema hivyo mpaka na awamu hiyo ikafungwa. Waumini wakaacha kutuuliza habari za chuo, na huo ukimya ulinichoma kuliko maswali.

Sasa dada anauza dawa za mifugo Ikutha, katika duka la shangazi yetu. Watu wakiuliza ilikuwaje, nyumbani tunasema ni imani ya mzee. Miaka hii yote nimemwacha baba abebe lawama, naye amezeeka nayo.

Disemba iliyopita nilienda Ikutha nikamwambia dada ukweli. Kwamba siku ile sikuwa namtii baba. Nilikuwa nimekasirika, na moyoni nilitaka wakose ili waone kama chuo changu ni cha waliokosa. Alikuwa anapanga chupa za dawa ya kupe kwenye rafu. Hakuacha kupanga.

"Nilijua," akasema. "Si nilikuwa nimekaa hapo karibu na wewe? Nilikuona uso."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Ningesema nini? Baba alikosea akidhani ananisaidia. Wewe ulikuwa unajua."

Mteja akaingia kuulizia dawa ya minyoo ya mbuzi. Dada alimhudumia kwa upole, akamweleza kipimo mara mbili ili asikosee.