Siku Niliyomfuata Binti Yangu kwenye Theluji

Mimi si mtu wa kutishika. Niliishia darasa la nne, nikaingia kwenye majaruba ya chumvi kupakia kwa chepe, na leo ukiuliza Mlingotini mwenye malori matatu ya chumvi ni nani, utaelekezwa kwangu kabla hujamaliza kuuliza. Hakuna aliyenibeba. Kwa hiyo binti yangu mkubwa, aliyeolewa na mzungu huko kwenye nchi ya milima na baridi, aliponiita nikamtembelee, nilikwenda kifua mbele. Theluji nilipoiona nilicheka. Nikamwambia, "Hii si chumvi tu hii? Mimi chumvi naijua."

Siku ya tatu mkwe wangu akatutoa matembezi mlimani. Kiswahili amefundishwa na mkewe, anakisema vizuri, ila utani hana. Alitufunga viatu vipana kama ungo tusizame, akampa kila mtu chepe la kukunja, na kifuani akatufunga kidude kinachoita muda wote bila sauti, ili mtu akifukiwa wenzake wamtafute kwa vidude vyao.

"Kufukiwa, mwanangu? Mbona bado nipo hai?"

Hakucheka. Alisema jana theluji ilianguka nyingi na upepo mkali, na hiyo mpya imekaa juu ya ile ya zamani bila kushikana nayo, ikizidiwa uzito inaporomoka.

Tukafika kwenye mteremko mtupu, hauna hata mti. Ng'ambo yake kuna mawe makubwa. Akasema, "Hapa mmoja mmoja. Mimi kwanza. Nikifika kwenye mawe, anakuja mke wangu. Akifika, unakuja wewe, baba. Kabla hajafika usitie mguu."

Akavuka. Binti yangu akaanza kuvuka.

Sasa nieleze vizuri, maana hapa nyumbani wananiuliza kama nilirogwa. Kwetu mtu haachwi aende peke yake. Mgeni akiaga unamsindikiza mpaka barabarani, na njiani mazungumzo yanaanza upya. Mimi namwona mwanangu katikati ya weupe ule, mdogo kama sisimizi juu ya shuka, na mumewe kasimama ng'ambo anamtazama tu. Nikasema moyoni, mwanamume gani huyu? Nikatia mguu.

"Subiri mama, nakusindikiza!"

Akageuka. "Baba, rudi!"

Hatua ya tano, chini yangu pakalia buu, kama mtu katua gunia chumba cha pili. Chumvi hailii hivyo. Chumvi ikiporomoka inamwagika punje kwa punje. Hii ilipasuka mstari mrefu juu yetu, kama sahani, kisha mteremko mzima ukaanza kwenda. Mimi nilitupwa pembeni. Ilipotulia nikatazama. Binti yangu hayupo. Hakuna kofia, hakuna shimo, kama hapajapita mtu tangu dunia iumbwe.

Nilisimama mdomo wazi. Mkwe anashuka mbio, kidude mkononi, ananipigia kelele: "Badilisha chako, bado kinaita! Kiweke kutafuta! Nakusikia wewe, simsikii yeye!"

Vidole havikunitii. Ikabidi aje kwangu kwanza, akaninyang'anya, akabonyeza mwenyewe. Muda huo aliopoteza kwangu, mwanangu alikuwa chini bila hewa.

Kidude chake kikaanza kulia upesi upesi kadiri alivyomkaribia. Akatoa mkobani ufito mrefu wa kukunja, akauchoma kwenye theluji, mara ya tatu ukagota.

"Chimba! Anzia huku chini, usimkanyage!"

Hapo nilichimba. Sijisifu bure, kijana wa milimani hakuniweza kwa chepe. Theluji iliyoporomoka inakaza kama saruji. Ikatokea glavu, kisha bega, kisha uso, rangi ya majivu, theluji imejaa mdomoni. Mumewe akaitoa kwa kidole. Kimya. Nikasema, "Ya Rabi." Kimya bado. Ndipo akakohoa.

Alipopata sauti alimwuliza mumewe, "Theluji imejikata yenyewe?"

Yule kijana akaendelea kumfuta theluji shingoni. Angenisitiri, naamini.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikufuata."

"Baba, uliambiwa."

Mimi nina jibu kwa kila mtu, waulizeni wanunuzi wangu. Pale nilikunja chepe langu tu. Mkwe akamvika koti lake, kisha akaja kunipapasa miguu, aone kama imevunjika. Aliniuliza kitu, sikumbuki nini. Nilikuwa natazama kifua cha mwanangu kinapanda, kinashuka, na kila kiliposhuka niliogopa hakitapanda tena.