Mtoto Asiyeamkia Watu

Enzi zetu pale Lizaboni, Songea, kutumwa chumvi dukani ilikuwa kazi ya nusu saa, na duka lenyewe liko nyumba ya nne tu. Si mwendo, ni shikamoo. Unampa shikamoo mama anayeanika mihogo, unampa babu aliyekaa barazani, unampa hata yule wa ng'ambo ya barabara ambaye hajakuona, na unasimama mpaka akuitikie marahaba. Ukimruka mmoja tu, habari inafika nyumbani kabla yako. Wenzangu mliokua miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mtanielewa. Watoto wa siku hizi wanabonyeza kidole gumba kwenye simu, wanaona wameshasalimia ukoo mzima.

Basi mimi nikawa mtoto asiyeamkia watu.

Ilianza nikiwa darasa la tano. Maandishi ya ubaoni yakawa kama yamepakwa ukungu, nikadhani mwalimu kabadilisha chaki. Rafiki yangu Zuhura, tuliyekaa naye dawati moja, mtoto wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tunduru, akawa ananisomea kwa kunong'ona na mimi nanakili. Siku nilipomwambia kwamba ubaoni sioni kabisa, alishtuka. Akaniambia niufyate mdomo, kwa sababu watoto wasioona wanachukuliwa na serikali, wanapelekwa shule ya bweni mbali huko, hawarudi mpaka wawe watu wazima. Alijuaje? Sijui. Lakini nilimwamini, na hofu ile ilinikaa miaka miwili. Nikiona gari la serikali limesimama karibu na shule, nakimbilia chooni.

Kwa kina Zuhura ndiko kulikokuwa na video ya kwanza mtaani. Tulikaa mkekani mbele kabisa, pua zinakaribia kugusa kioo, tukitazama watu wakipigana mateke, umeme ukikatika tunalia kama tumefiwa. Vitabu navyo tulivisoma kwa kibatari, tumekiinamia hadi nywele za mbele zinaungua. Mama akisema, "Macho hayo mtayamaliza kabla ya uzee," sisi tunacheka. Lakini nje tulicheza pia, jamani! Kombolela, rede, mdako. Tulipanda mlima Matogoro kutafuta masuku, matunda ya porini, tukarudi midomo inanata na miguu imechanika, tukapiga togwa kikombe kizima bila kupumua. Mpaka leo sijui kama macho yangu niliyaharibu mwenyewe au nilizaliwa nayo hivyo.

Kilichoniokoa mwanzoni ni uhaba wa nguo. Kila mtu mzima mtaani alikuwa na vazi lake, nami niliwajua kwa rangi. Khanga nyekundu ni Mama Kapinga, jirani wa mlango wa pili. Shati la njano ni muuza mafuta ya taa. Ovaroli ya bluu ni baba yangu, fundi seremala. Naona rangi inakuja, naangusha shikamoo. Halafu mitumba ikaingia Songea. Wee! Marobota yakafunguliwa sokoni, watu wakavaa walivyotaka, leo kijani, kesho maua, na mimi nikapoteza mtaa mzima kwa msimu mmoja.

Mama Kapinga nilimpita akiwa ndani ya koti la kijani. Alikuja nyumbani siku hiyo hiyo. "Binti yenu amekuwa mkubwa, hatuamkii tena," alimwambia baba. Nilichapwa fimbo za mpera. Wiki iliyofuata nikampita mke wa katekista, nikachapwa tena. Nikaamua kuamkia kila kinachosogea. Siku moja nikamwamkia mtu aliyejitwisha kapu, nimepiga na goti kabisa, kumbe ni mdogo wake Zuhura wa darasa la tatu. Akakaza sauti, akajibu, "Marahaba, mwanangu," na kufikia jioni mtaa mzima unayo. Nilicheka nao, lakini kila nikitoka mlangoni nilikuwa naogopa.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na jambo hili lilimuumiza. Nilimsikia akimwambia mama, "Watasema hatukumlea." Kwa watu wa kwetu hakukuwa na tusi zaidi ya hilo.

Jumapili moja natoka kanisani peke yangu. Ng'ambo ya barabara naona watu wawili wamesimama, mmoja kavaa koti la kahawia. Nimechoka na aibu ya kuamkia watoto, nikajiambia hawa siwajui, nikanyoosha shingo, nikapita.

"Stella!"

Ilikuwa sauti ya baba. Koti lile la kuvaa kanisani alilinunua jana yake bila kutuambia, akaenda nalo misa ya kwanza sisi bado tumelala. Na aliyesimama naye alikuwa katekista.

Nilisimama, mkojo unanibana. Katekista akatazama chini. Baba akavuka barabara, akainua mkono, nikafumba macho. Kofi halikuja.

"Umenipita mimi, baba yako," akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe. "Hukuniona?"

Nikasema sikumwona. Akarudi kinyumenyume mpaka ng'ambo, akanyoosha vidole juu. "Vingapi?" Nikakisia viwili. "Na sasa?" Nikakisia vitatu. Hakuniambia kama nimepata. Alikuja akachuchumaa mbele yangu kwenye vumbi, na koti lake jipya, akanishika mabega. Hapo nikalia kwa sauti, nikamwomba asiniache nichukuliwe na serikali.

"Nani akuchukue? Wewe ni wangu," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Tangu siku ile sikuchapwa tena kwa sababu ya salamu.

Miwani ilitoka Dar es Salaam, mizito, ya fremu nyeusi. Shuleni wakaniita Profesa. Sikujali. Asubuhi ya kwanza nilitembea mtaa mzima nikiwatazama watu usoni. Ndipo nikajua kwamba Mama Kapinga ana mwanya, na kwamba huwa anaanza kutabasamu mtoto akiwa bado mbali. Kumbe muda wote ule alikuwa anatabasamu, mimi nampita.

Sasa nina wangu, Kelvin, miaka tisa. Tunakaa upande wa Matogoro, nyumba ina ukuta na geti. Anatoka getini anaingia kwenye gari la shule. Akirudi anaingia ndani, anachukua simu yangu, anaisogeza mpaka puani. Nikimfokea anasema, "Naangalia kidogo tu, mama," na kidogo hiyo inafika saa ya kula. Nilimletea masuku, akaniuliza kama yameoshwa. Nilicheka, lakini moyo haukutulia. Wiki iliyopita mwalimu wake aliandika kwenye daftari kwamba anakosea kila anaponakili ubaoni. Nikajiuliza, mbona hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kumshtaki kwamba haamkii? Kisha nikaona ujinga wangu. Huyu mtoto hapishani na mtu.

Jana nikamtoa nje ya geti. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mzee jirani yetu, anayemwagilia maua yake kila jioni. Tumekaa naye miaka sita.

"Yule nani?" nikamwuliza.

Kelvin alitazama kwa muda mrefu. "Simjui, mama."

Nilitaka kumwuliza kama hamwoni au hamjui, nikaogopa jibu. Alhamisi nampeleka kwa daktari wa macho. Mimi nilipungukiwa macho, watu walikuwa tele. Namwomba Mungu na kwa huyu iwe ni macho tu.